Baruti au TBM? Kuchagua njia ya kuchimba handaki la barabara kuu chini ya safu ya milima

Kwenye makabrasha ya wauzaji, TBM (kifupi cha Kiingereza cha mashine ya kutoboa mahandaki) hushinda kila mara. Mashine hiyo kubwa yenye kichwa cha kuzunguka inachimba mita 10 hadi 15 kwa siku wakati kikosi cha baruti kinahesabu mita 8, haisubiri moshi utoke, na nyuma yake inaacha ukuta laini. Tatizo ni kwamba hizo ni hesabu za siku nzuri. Handaki la milimani hucheleweshwa na zile mita mia tano mbovu ambazo hakuna aliyejua kwa hakika ziko wapi, na ni hapo hasa ambapo njia hizi mbili zinaachana.

Ulinganisho huu unahusu handaki la barabara kuu lenye njia mbili za magari ndani ya kila bomba (yaani kila tundu la handaki linalopitisha magari), urefu wa kilomita 3 hadi 20, kwenye mwamba mgumu au mchanganyiko, na mlima wa mamia ya mita juu yake. Udongo laini wa mijini ni habari nyingine kabisa. Kuna pia mashine ya mkono wenye kichwa cha meno inayokwangua mwamba kidogo kidogo. Hiyo inafaa kwenye mawe ya chokaa, mawe ya mchanga na shisti laini. Nguvu ya mwamba ikizidi megapaskali 100, meno yanakwisha haraka kuliko kazi inavyosonga, kwa hiyo hatutarudi kwake.

| Jambo | Baruti | TBM |
|---|---|---|
| Ukubwa wa uso unaochimbwa | m² 75–90, umbo la kwato | duara la m 12, yaani m² 113 |
| Mwamba mzuri | m 6–9 kwa siku kwa kila uso | m 8–15 kwa siku |
| Mwamba uliosagika | m 0.5–2 kwa siku | m 0–5, kutegemea kama haijakwama |
| Muda kabla ya mita ya kwanza | miezi 2–4 | miezi 14–20 |
| Umeme kwa kila uso | megawati 1–2 | megawati 5–10 |
| Kona | yoyote inayokubalika kwa barabara | nusu kipenyo kisipungue m 500 hivi |
| Kubadili umbo njiani | kuanzia raundi (mzunguko wa kutoboa na kulipua) inayofuata | hapana |

Takwimu hizi ni za kupangia tu. Kila mlima una zake.

Raundi moja ya baruti

Chukua uso, yaani ukuta wa mbele unaochimbwa, wa mita za mraba 85 kwenye granaiti au naisi (mwamba mgumu wa mistari) isiyo na mipasuko mingi. Jumbo, yaani mtambo wa kutobolea, ya mikono mitatu hutoboa matundu 100 hadi 120 yenye kipenyo cha milimita 45 hadi 51 na kina cha mita 5. Sehemu ya kati hutobolewa matundu manne makubwa, ya milimita 102, ambayo hayatiwi baruti. Kazi yake ni kuupa mwamba nafasi ya kwanza ya kuvunjikia. Tundu mojawapo la hapo kati likipinda sentimita 10 tu, raundi nzima inaharibika: badala ya kuvuta mita 4.6 inavuta mita 3, na kwenye uso vinabaki vishina vya matundu ambavyo huenda vina baruti isiyolipuka. Kishina cha namna hiyo hakitobolewi tena kwa hali yoyote. Raundi inayofuata husogezwa pembeni yake.

Baruti ya emulsheni hupampiwa ndani ya matundu, kama kilo 1.7 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 650 hivi kwa raundi. Fataki hupangwa zilipuke kwa zamu: kati kwanza, kisha kuelekea nje, na mstari wa mwisho wa ukingoni hulipuka baada ya yote. Matundu ya ukingoni huwekwa karibu karibu, sentimita 50 hadi 60, na kujazwa baruti hafifu. Kikosi kinachofanya haraka hapo hulipia baadaye kwa zege. Ukingo ukivunjika sentimita 20 kupita mstari, pembezoni mwa umbo la mita za mraba 85 zinaongezeka takriban mita za ujazo 5 za kujaza kwa kila mita ya handaki.

Kinachotoka ni mita za ujazo 390 za mwamba, zaidi ya tani elfu moja. Ukivunjika unaumuka, na kifusi kinafika mita za ujazo 620 au zaidi, yaani safari 40 na kitu za lori la mita za ujazo 15. Ratiba ya raundi huwa hivi: kutoboa saa tatu, kutia baruti saa moja na nusu, kutoa moshi nusu saa hadi saa nzima, kubeba kifusi saa tatu hadi nne, kukwangua mawe yaliyolegea saa moja, boliti na zege la kupuliza saa mbili hadi tatu. Jumla ni saa 11 hadi 13 na nusu. Kwa hiyo raundi mbili kwa siku zinawezekana, lakini ndizo mwisho, na mita 8 kwa siku ni kazi nzuri sana.

Uso ukishafika kilomita 3 au 4 kutoka mlangoni, tatizo kubwa huwa hewa. Bomba la hewa la mita 2 linavuja kwenye kila kiungo, malori ya dizeli yanaongezeka, na ile nusu saa ya kutoa monoksidi ya kaboni na oksidi za nitrojeni inageuka saa moja na zaidi. Wapangaji wengi husahau kupunguza kasi kadiri handaki linavyorefuka.

Nguvu ya baruti iko kwingine: unaweza kufungua nyuso nyingi kwa wakati mmoja. Milango miwili ni nyuso mbili. Handaki la pembeni likishuka hadi katikati ya mstari linaongeza nyuso mbili nyingine. Nyuso nne za mita 6 ni mita 24 kwa siku, na TBM moja haifiki hapo. Handaki la Lærdal nchini Norway, lenye kilomita 24.5, lilichimbwa kwa baruti na kufunguliwa mwaka 2000 baada ya miaka mitano ya ujenzi. Ukisikia mtu akisema handaki refu lazima liende kwa mashine, mwonyeshe hilo.

Mita za TBM zinatoka wapi

Kasi ya TBM ni hesabu rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia kabla ya kuamini kabrasha. Kichwa cha mita 12 hakiruhusiwi kuzunguka haraka, kwa sababu visahani vya ukingoni (magurudumu ya chuma yanayouvunja mwamba) vikizidi takriban mita 2.5 kwa sekunde beringi zake hupata moto na kufa. Hiyo ni mizunguko minne hivi kwa dakika. Kwenye granaiti ngumu, kila mzunguko huingia milimita 3; kwenye mwamba wa kati, milimita 5 hadi 8. Kwa milimita 5 unapata mita 1.2 kwa saa. Halafu zidisha kwa muda ambao mashine inakata kweli, na huo kwa kawaida ni asilimia 35 hadi 45 ya siku. Saa zilizobaki zinaliwa na kubadili visahani, kufunga boliti au segimenti (vipande vya zege vya kuta), kurefusha mkanda wa kifusi, nyaya na reli, na kutengeneza kilichoharibika. Jawabu ni mita 10 hadi 13. Kwenye granaiti ya milimita 3 linakuwa mita 7, na hapo faida ya kasi dhidi ya baruti imekwisha.

Kichwa cha ukubwa huo hubeba visahani 60 hadi 75, vya inchi 17 au 19, kila kimoja kikisukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 25 hadi 30. Kisahani kimoja kina kilo 150 hadi 200, na hubadilishwa kutoka nyuma ya kichwa, mahali pa joto na finyu. Mwamba wenye kwatzi nyingi, madini magumu yanayokwaruza, huvila vibaya, na vile vya ukingoni huisha kwanza kwa sababu husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kosa la kawaida ni kuendelea kukata huku kisahani kimoja kimeganda. Upande mmoja unalika bapa, jirani zake wanabeba mzigo wake, na ndani ya zamu moja unaweza kupoteza sita badala ya kimoja. Kwa hiyo ukaguzi wa kila siku hauna mjadala, na kabla ya kununua mashine unahitaji vipimo viwili vya maabara kwa kila aina ya mwamba: nguvu ya kuvunjika, na kipimo cha Cerchar cha ukwaruzaji. Kimoja bila kingine hakitoshi. Mwamba wa megapaskali 120 wenye kwatzi tele unaweza kugharimu visahani vingi kuliko wa megapaskali 200 usio nayo.

Mashine zenyewe ni za namna mbili kuu kwa kazi hii. Ya wazi hujikaza ukutani kwa miguu ya pembeni na kujisukuma mbele. Inahitaji mwamba imara unaoweza kuikaza. Ya ngao hufunikwa na silinda ya chuma na kujenga pete za segimenti za zege nyuma yake. Ile ya ngao mbili inaweza kukata huku pete ikijengwa. Ya wazi humwonyesha mjiolojia mwamba mita chache nyuma ya kichwa. Ya ngao humficha karibu kila kitu, na kwenye mlima usiojulikana hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Duara halipendi barabara

Reli hukaa vizuri ndani ya duara. Barabara ya njia mbili ni pana na fupi, kwa hiyo duara linaloitosha ni la mita 12 hivi, mita za mraba 113 dhidi ya 85 za umbo la kwato. Tofauti ni mita za ujazo 28 kwa kila mita. Kwenye kilomita 10 hizo ni mita za ujazo 280,000 za mwamba thabiti ambazo unazikata, unazibeba na kuzitafutia mahali pa kumwaga.

Je, nafasi ya ziada ina kazi? Inategemea mpango wa hewa. Handaki la bomba moja lenye magari ya pande mbili linahitaji dari la kufyonza moshi juu na mfereji wa hewa safi, nyaya na mabomba chini. Hapo duara linajaa lote. Mabomba mawili yanayosukumiwa hewa na feni za darini kuelekea upande mmoja hayahitaji hayo, na sehemu ya chini ya duara inajazwa kifusi tu. Mpango wa hewa uamuliwe kabla ya njia ya kuchimba. Mara nyingi hufanywa kinyume.

Kuna na milango ya dharura. Baada ya moto wa handaki la Mont Blanc wa Machi 24, 1999, uliowaua watu 39, Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa 2004 unaotaka, pale zinapohitajika njia za kutokea, umbali kati yake usizidi mita 500. Maegesho ya dharura, vyumba vya transfoma na vijia vya kuunganisha mabomba mawili vinakuja juu ya hapo. Kwa baruti, kila kimoja ni raundi chache pembeni, na Lærdal ina kumbi tatu pana zilizochongwa njiani ili kumzindua dereva. Kwa TBM, kila upenyo unamaanisha kukata pete iliyokwisha kufungwa, kuweka fremu ya chuma kwanza ili pete jirani zisilegee, kisha kulipua ndani ya handaki ambamo mkanda, nyaya na treni za vifaa vinapita. Nyingi ya kazi hiyo husubiri mashine ipite, na ratiba za wauzaji huwa haziionyeshi.

Kuanza

Baruti huanza ndani ya miezi michache: barabara ya kufika, ghala la baruti lenye kibali na ulinzi, jumbo, shepe, malori, mashine ya kupuliza zege. Mlango wenyewe kwa kawaida uko kwenye mwamba uliooza, kwa hiyo hutangulizwa mwavuli wa mabomba: ya milimita 114, urefu wa mita 12 hadi 15, nafasi ya sentimita 30 hadi 40, yakipandiana mita 3 au 4 na safu inayofuata. Hili halikwepeki hata kwa TBM, kwani mashine haitaki kuanzia kwenye udongo.

TBM huagizwa, huundwa kwa miezi 10 hadi 14, husafirishwa vipande vipande na kuunganishwa kwa miezi miwili hadi minne. Vipande vizito vya kichwa na beringi kuu vinaweza kuzidi tani 100, na hapo ndipo watu hugundua kwamba daraja la kijijini njiani halivibebi. Mbele ya mlango unahitaji uwanja tambarare unaotosha mtambo na magari yake ya nyuma, ambayo pamoja huchukua mita 150 hadi 250, na kama ni ya ngao ongeza kiwanda cha segimenti na yadi ya kuzikomazia. Kwenye bonde jembamba lenye maporomoko ya theluji au mawe, uwanja huo haupatikani, na majadiliano yanaishia hapo. Laini ya umeme ya megawati 10 inayopanda mlimani nayo ni mradi kamili.

Hata ikiwashwa, mita 500 za kwanza ni za kujifunza. Usizipangie kasi kamili.

Mlima unapokasirika

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Kwa njia zote mbili dawa ni moja: kutoboa mbele matundu ya kupimia ya mita 20 hadi 30, kila safu ikipandiana mita 5 hadi 10 na inayofuata, na tundu likitoa maji kupita kiwango kilichokubaliwa, kudunga saruji kabla ya kuendelea. Tofauti ni nafasi. Mbele ya uso wa baruti jumbo inapanga matundu 30 ya kudungia popote inapotaka. Ndani ya TBM kuna vipenyo vichache nyuma ya kichwa, vyenye pembe iliyokwisha kuwekwa kiwandani, na sehemu ya kati mbele ya kichwa haifikiki vizuri. Mnunuzi anayebana matumizi huondoa mitambo hiyo ya kutoboa kwenye oda. Ni punguzo baya kuliko yote anayoweza kuomba.

Mfano unaofundisha zaidi ni Hsuehshan huko Taiwan: kilomita 12.9, kazi ilianza 1991, barabara ikafunguliwa Juni 2006. Mpango ulikuwa handaki dogo la utangulizi lenye kipenyo cha mita 4.8 na mabomba mawili ya mita 11.74, yote kwa TBM. Upande wa mashariki mlima ulikuwa na kanda zilizosagika zenye kwatzi ngumu na maji yenye shinikizo. Mashine ya utangulizi ilikwama mara nyingi hata ikashindwa kutangulia, na ilipochelewa, zile kubwa zikawa zinaingia kipofu. Mwaka 1997 moja ya zile kubwa ilifukiwa na poromoko na ikaachwa. Sehemu kubwa ya bomba hilo ikamalizwa kwa baruti. Mashine haikuwa mbovu. Ilichaguliwa kwa mlima uliodhaniwa.

Mwamba unaobana ni adui wa namna nyingine. Kwenye shisti dhaifu, chini ya mita elfu za mlima, ukuta unasogea ndani polepole kwa siku na wiki. Ngao ina urefu wa mita 10 au zaidi, na kati yake na mwamba kuna sentimita 5 hadi 10 tu. Ukuta ukizimaliza kabla ngao haijapita, mashine imeshikwa, na kuitoa kunahitaji kuchimba kijia cha pembeni kwa mkono kuzunguka ngao yenyewe. Kanuni ya mafundi ni kutosimama kabisa kwenye ukanda wa namna hiyo: hakuna mapumziko ya mwisho wa wiki, hakuna matengenezo yanayoweza kungoja. Kwa baruti unachimba uso mkubwa zaidi kidogo ili kuuachia mwamba nafasi ya kusogea, unaweka matao ya chuma yenye viungo vinavyoteleza, boliti ndefu za mita 6 hadi 12, unapima msogeo kila siku, na unafunga sakafu kwa zege mapema ili pete ikamilike. Ni polepole, lakini kazi haikatiki.

Mwamba mgumu sana wenye mkandamizo mkubwa una tabia ya kupasuka kwa kishindo na kurusha vibao. Hapo hesabu si rahisi. Uso wa baruti unawaweka watu na jumbo karibu kabisa na mwamba mbichi. Mashine ya wazi inawaweka nyuma ya kichwa lakini chini ya paa lisilo na zege. Zege lenye nyuzi za chuma lipulizwe mara moja na boliti zenye uwezo wa kunyumbulika zifuate, kwa njia zote mbili. Ngao inalinda vizuri zaidi, mradi hicho kishindo kisiikunje.

Baruti nayo ina mauti yake, na aghalabu hayako usoni. Yako nyuma, pale handaki lilipokwisha kuchimbwa na msaada umechelewa au unaguswa tena. Novemba 12, 2023, handaki la Silkyara kwenye jimbo la Uttarakhand nchini India liliporomoka sehemu iliyo karibu mita 200 kutoka mlangoni na kuwafungia ndani wafanyakazi 41. Kifusi kilikuwa na unene wa mita 60 hivi. Mashine ya kusukuma bomba ikakwamia kwenye vyuma vilivyofukiwa, na mita za mwisho zilichimbwa kwa mikono. Walitoka wote hai siku ya 17. Kipande dhaifu kikishapitwa, umbali kati ya uso na pete ya mwisho ya zege lazima uwe na kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba, na msogeo wa ukuta nyuma upimwe kwa bidii ile ile ya uso. Msimamizi anayesifiwa kwa mita za mbele peke yake ana sababu zote za kuiacha sehemu ya nyuma ikingoja.

Kifusi, majirani, watu

Mawe ya baruti, yakisagwa, ni kokoto nzuri ya zege na ya tabaka la barabara. Vibao na unga wa TBM vinahitaji kuchambuliwa na kusagwa zaidi, na sehemu kubwa haifai kwa zege. Kwa upande mwingine, maji yanayotoka kwenye handaki la baruti hubeba nitrati na amonia ya emulsheni iliyomwagika. Yakichanganyika na maji ya zege ambayo yana alkali nyingi, samaki wa mto ulio chini hufa. Bwawa la kutulizia matope halitoshi, lazima alkali ipunguzwe.

Mtikisiko ni hoja halisi pale tu penye nyumba, bwawa au handaki jingine karibu. Kilomita nyingi za katikati ya mlima hazina jirani.

Kuhusu watu: kikosi cha baruti ni watu 12 hadi 18 kwa zamu, na ujuzi wake uko mikononi mwao. TBM inahitaji mafundi wa umeme, haidroliki na mitambo usiku na mchana, na vipuri ghalani. Beringi kuu ikiharibika katikati ya mlima, miezi inapotea.

Kuchanganya

Handaki la Tianshan Shengli huko Xinjiang, China, lenye kilomita 22.13, lilikamilika kutobolewa Desemba 2024 kwa mpango ambao ungepaswa kuigwa zaidi. Mabomba mawili ya magari yalichimbwa kwa baruti, na katikati yake TBM ndogo zaidi ikachimba handaki la huduma. Mashine ilitangulia, ikaonyesha mwamba, na kutoka kwenye handaki hilo vikakatwa vijia vya kuingia kwenye mabomba makubwa ili kufungua nyuso mpya mbele. Kazi ikiisha, handaki la kati linabaki kuwa njia ya dharura. Duara dogo halipotezi nafasi, na likikwama halisimamishi kila kitu, alimradi liachwe litangulie kweli, kwa kilomita kadhaa. Hsuehshan ilionyesha linavyokosa maana lisipotangulia.

Mchanganyiko wa pili ni kulipua kwanza kanda mbovu zinazojulikana, kisha kuipitisha mashine ndani ya nafasi iliyokwisha kuimarishwa. Bomba la pili la barabara ya Gotthard nchini Uswisi limepangwa hivyo: mashine mbili zenye kipenyo cha zaidi ya mita 12, na kanda mbili zilizosagika zikichimbwa mapema kupitia mahandaki ya kufikia. Huko TBM ilikuwa na hoja nzuri kuliko mahali pengi, kwa kuwa bomba la kwanza la kilomita 16.9, lililofunguliwa 1980, na handaki lake la usalama vimekwisha uonyesha mlima wote kwa karibu. Na bado, katikati ya 2025, mashine ya kusini ilisimamishwa na mwamba uliolegea baada ya karibu mita 200 tu, ikabidi kuifungulia njia kwa uchimbaji wa kawaida.

Basi uchague ipi?

Chini ya kilomita 3, baruti, bila mjadala mrefu. Kati ya 3 na 6, baruti isipokuwa kuna majirani wasiovumilia mtikisiko na mwamba unajulikana vizuri. Kuanzia hapo uliza kwanza kama unaweza kufikia katikati ya mstari kwa handaki la pembeni au shimo la wima. Ukiweza, baruti inaendelea kushinda hata kwenye kilomita 15. Mlima ukiwa juu sana kiasi kwamba milango miwili ndiyo njia pekee, na mwamba ni wa kati, megapaskali 80 hadi 180, wa aina chache, bila kwatzi ya kupindukia, TBM ina haki yake.

Kabla ya kuagiza mashine kamili ya mita 12, dai vitu vitatu mezani. Kimoja ni wasifu wa kijiolojia wenye kanda mbovu zilizopewa urefu, si alama ya kuuliza. Tundu la sampuli lenye upana wa sentimita 10 kila baada ya kilomita mbili halikupi wasifu huo, handaki la utangulizi linakupa. Kingine ni hesabu ya kasi kwa kila aina ya mwamba, iliyofanywa kama hapo juu, pamoja na siku za kukwama. Cha mwisho ni mkataba unaosema nani analipa mashine ikisimama. Kwenye baruti malipo hufuata daraja la mwamba linalotiwa sahihi na pande zote kila raundi, kwa mfumo wa Q au RMR (njia za kuupa mwamba alama za ubora), na ugomvi hubaki mdogo kwa sababu kila mtu ameuona uso. Nyuma ya ngao hakuna aliyeuona, na kila upande utaleta mjiolojia wake.